Mayai ya Njia Panda ya Makere

Hebu niambie, wewe ukikabidhiwa siri ya mtu unaiweka wapi? Usijibu haraka. Immakulata, fundi cherehani wa pale Kasulu, siri yake aliiweka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo akaja kuitoa Jumapili mchana kweupe, kwa kipaza sauti, mbele ya banda zima la video.

Tuanze na banda lenyewe. Liko nyuma ya soko, kuta za mabanzi, bati juu, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na mabenchi yameng'aa kwa kukaliwa. Mbele kuna televisheni kubwa, na kando yake kiti cha Mtafsiri. Filamu za pale nyingi ni za Kikorea na Kichina, na maneno yake hakuna anayeyajua. Kwa hiyo sauti ya filamu hupunguzwa mpaka ikabaki kama nzi ndani ya chupa, kisha Mtafsiri hushika kipaza sauti akasema kila kitu yeye mwenyewe: anasema mfalme, anasema malkia, ikibidi anasema na farasi.

Mtafsiri huyo ni Reverien, mtu wa Busunzu kule Kibondo, aliyefiwa na mke zamani, mwenye sauti nzito ya kumnyamazisha hata mtoto anayelia mgongoni. Kikorea hajui hata neno moja. Anatazama picha, anatazama nyuso, halafu anajaza. Watu wanalijua hilo na papo hapo hawalijui. Akisema, "Jenerali anakimbilia hapo jirani Buhigwe kuomba jeshi," banda linaangua kicheko. Akisema, "Mama huyu hajatia kitu mdomoni tangu juzi," banda linaguna, na mtu akitoka nje atakuapia kwa Mungu kwamba yule mama wa Kikorea alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu juzi.

Immakulata alikuwa hakosi. Jumapili akitoka misani anabadilisha viatu, anajifunga kitambaa kichwani upya, anakwenda kukaa benchi la pili upande wa ukutani, mahali ambapo mtu akigeuza shingo kidogo anamwona Mtafsiri ubavuni. Filamu alizipenda, ndiyo. Lakini shingo yake ilikuwa inageuka sana.

Kwa muda mrefu sasa Reverien alikuwa akipita kibarazani kwake jioni. Alianza kwa kuleta suruali ya kupunguza. Suruali zikaisha, akawa analeta maneno tu. Anakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, anamshikia kitambaa upande wa pili asije akakivuta peke yake, anamsimulia filamu ambazo banda halijazionyesha. Watu walishaanza kusema. Immakulata aliwasikia na hakukanusha. Alikuwa na kitambaa kizuri cha buluu alichojiwekea kwa ajili ya gauni la Pasaka. Akakikata shati la kiume lenye mfuko mmoja, akampa Reverien kana kwamba ni mabaki tu ya kazi ya mtu. Alikuwa anangoja neno. Mwanamke wa umri wake hawezi kulisema yeye, basi alikuwa anangoja.

Jumapili hiyo Reverien alikuwa amevaa shati lile la buluu.

Ilikuwa filamu ya mfalme kipofu, sehemu ya kwanza. Ilikwenda vizuri, panga zikalia, watu wakapiga makofi. Katikati ukaja msafara: farasi, bendera, na machela ya kifahari imebebwa mabegani, ina pazia jekundu. Kando ya barabara ya vumbi amesimama binti mwembamba, amekumbatia furushi. Reverien akashusha sauti, kama anavyofanya akitaka watu wasogee.

"Huyu binti amesimama hapa tangu alfajiri," akasema. "Yuko mwanaume aliyemwambia: kesho nasafirishwa kwenda nchi ya mbali. Simama njia panda, nitashuka, nitawaambia wakubwa kwamba wewe ni mke wangu, tutakwenda wote."

Immakulata alikuwa bado anatabasamu. Hutokea hivyo, uso unachelewa.

"Furushi mnaliona? Humo kuna mayai ya kuchemsha. Chakula cha njiani, chake na mwenzake. Na chumvi ameifunga pembeni, kwenye kipande cha jani la mgomba."

Hapo ndipo tabasamu lilipokatika. Maana mayai mtu anaweza kubuni. Lakini chumvi ndani ya jani la mgomba haikuonekana kwenye televisheni, wala haibuniwi. Chumvi ile aliifunga Immakulata kwa mikono yake mwenyewe, zamani, barabara ya Kibondo ikiwa bado ya vumbi.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na mwanaume wa Kikongo, Floribert, fundi redio, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Alikuwa akija Kasulu kwa kibali kununua vipuri, na wakazoeana. Jina lake likatoka kwenye wale wanaopelekwa kuishi Ulaya. Akamwambia Immakulata asimame njia panda ya Makere, pale njia ya kambini inapokutana na barabara kubwa, basi litapita asubuhi, yeye atashuka. Immakulata hakumuaga mama yake. Akachemsha mayai, akafunga furushi, akasimama. Basi likaja. Floribert alikuwa dirishani. Macho yao yalikutana kabisa, mpaka Immakulata akainua mkono. Floribert akavuta pazia.

Alipoona basi limeishia kwenye vumbi, Immakulata alikwenda nyuma ya kibanda cha mkaa, akachuchumaa, akamenya yai moja baada ya jingine akayala yote na chumvi yake, machozi yakimtiririka, ili mama yake asione yamerudi. Nyumbani akasema amemkataa yule Mkongo. Eti Mkongo kambembeleza, yeye kakataa, mama yake atamwachia nani? Habari ikazunguka mji mzima. Wanawake wakawa wanamtolea mfano kwa mabinti zao: mwone Immakulata, alimkataa mtu wa kwenda Ulaya. Heshima yake yote pale Kasulu ilijengwa juu ya kukataa huko. Na toka siku hiyo yai halijapita mdomoni mwake.

Ukweli huo alimwambia Reverien peke yake, jioni moja ya mvua, kibarazani. Reverien alikuja na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi, akamkaribisha, Immakulata akakataa, akaulizwa kwa nini. Mvua ilikuwa inapiga bati, hakuna jirani ambaye angesikia. Akamwambia yote, mpaka chumvi, mpaka jani. Reverien alinyamaza muda mrefu, ameshika pindo la kitambaa, hakuliachia. Immakulata aliupokea ukimya ule kama mtu anavyopokea zawadi iliyofungwa: hakutaka kuufungua haraka. Kumbe mwenzake alikuwa anakariri.

Sasa kwenye televisheni mkono ukatokea ndani ya machela, mkono tu, ukalivuta lile pazia jekundu.

"Amemwona," Reverien akasema taratibu. "Amemwona vizuri kabisa. Na anavuta pazia."

"Mawe we!" mwanamke mmoja akalia nyuma, akimwita mama kwa Kiha.

Binti wa Kikorea akaenda kujiegemeza ukutani, akajikunyata. Reverien akamlisha mayai yote pale pale, moja baada ya jingine, akasema na toka siku hiyo hali yai tena. Mwanaume mmoja benchi la mbele akapasuka, "Yote peke yake? Huyo tumbo halikumvimba?" na banda zima, hata waliokuwa wanafuta machozi, likacheka. Lilikuwa cheko la kawaida tu, la watu wema, wanaomfahamu, wanaomsalimia sokoni. Immakulata akakaa mpaka mwisho, mikono ikiwa mapajani. Angetoka katikati, wangemtazama.

Filamu ikiisha, watu hawarudi nyumbani moja kwa moja. Wanakwenda kwa Rabia muuza chai, mlango wa tatu toka bandani, kwa ajili ya kesi. Ndiyo desturi yao: kila filamu lazima ihukumiwe. Hakimu ni mzee Ildefonce, fundi baiskeli, ambaye hajakosa filamu hata akiwa na homa. Anagonga meza kwa kijiko, anauliza mshtakiwa ni nani, watu wanatoa maoni yao, wanabishana mpaka chai inapoa. Immakulata siku zote hukaa karibu na jiko. Angekosekana siku hiyo wangeuliza kulikoni. Akaenda.

Kijiko kikagonga. "Kesi imefunguliwa," Ildefonce akasema. "Filamu ya mfalme kipofu. Mfalme tumwache, hata kama amewachinja nusu ya mawaziri. Mimi leo jambo lililonishika ni la yule binti. Mshtakiwa nani?"

"Yeye mwenyewe!" Rabia akadakia kutoka kwenye kikaango. "Mwanamke gani anajisimamisha barabarani na furushi? Mshenga hakuna, posa hakuna, mama yake hajui! Ukisimama kama mzigo, utapitwa kama mzigo."

"Oya, oya," Ildefonce akakataa. "Mwanaume aliahidi."

"Mwanaume kuahidi ni kama jogoo kuwika, mzee Ildefonce. Kuna atakayemshtaki jogoo?"

Watu wakacheka. Rabia akageuka na mwiko mkononi, uso umejaa upendo. "Angekuwa na akili angefanya kama dada Imma wetu hapa. Aliombwa twende Ulaya, akasema nenda salama, baba. Au nasema uongo, dada Imma?"

"Chapati inaungua," Immakulata akasema.

"Lakini nililia," Ildefonce akaendelea. "Mwenzenu nililia. Yale mayai, na chumvi yake! Wakorea wanajua kuandika filamu, tuseme kweli. Kitu kidogo kama chumvi, kinakuchoma."

Hapo Antoinette akaweka kikombe chini. Antoinette anauza vitenge sokoni. Alizaliwa Kongo, akakulia kambini Nyarugusu, akaolewa na mtu wa Makere, na Kiswahili chake kimebaki cha huko kwao.

"Mayai gani?" akauliza. "Miye leo nimekuta mumemaliza, lakini ile film ninaijua. Niliiona kule kambini, iko na maandishi ya Kifaransa pale chini. Hakuna mayai."

"Furushi lile!" wakamwambia.

"Ndani ya furushi iko nguo ya mama yao, mama alikufa. Na ndani ya machela haiko mwanaume. Iko dada yake mukubwa, wanamupeleka kwa mfalme. Huyu mudogo alipenda kumupa ile nguo, wakamukataza. Dada anavuta pazia sababu hataki mudogo amuone analia. Vrai, ni kweli, ninaapa. Mwanaume haiko pale hata mumoja."

Ildefonce akatazama kijiko chake kama kilichomtukana.

"Dada yake," akasema.

"Dada yake."

"Kwa hiyo mimi nimelia machozi yangu, mtu mzima, mbele za watu, kwa ajili ya mayai ambayo hayapo?"

"Si ndiyo mtafsiri wako huyo unayemsifu," Rabia akasema, naye sasa amekasirika. "Chumvi kidogo sawa, tunajua anatia chumvi. Lakini kubadilisha dada kuwa mwanaume! Tumekuwa tukihukumu nini siku zote humu? Habari hiyo ameitoa wapi?"

Immakulata akatazama mlangoni. Kama Reverien angeingia akasema "nimebuni," mambo yangeishia hapo. Wangemzomea, wangecheka, wangekunywa chai. Neno moja tu, jepesi, naye anajua kusema uongo kwa midomo ya wafalme. Akaomba moyoni aingie, na akaomba asiingie.

Akaingia. Shati la buluu limelowa jasho mgongoni, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

"Mmenionaje leo?" akauliza kabla hata ya kukaa. "Sijawahi kusikia banda limenyamaza vile."

"Kaa hapo, mshtakiwa," Ildefonce akamwambia. "Huyu shemeji yetu wa Kikongo ametueleza. Ni dada yake! Wewe mwanaume umemtoa wapi?"

Reverien akamtazama Antoinette, akamtazama Ildefonce, kisha akacheka. Hakuonekana kuona haya. "Basi niwaulize. Ya dada na nguo, na ya mayai, ipi imewaingia?"

"Hilo silo swali," Ildefonce akasema, lakini sauti imelegea. "Ya mayai."

"Mnaona! Mtu habuni kitu kama kile. Kile ni cha kweli."

"Cha kweli?" Rabia akauliza. "Kwamba yupo mtu?"

Reverien akageuka upande wa jiko, macho yake yakamgusa Immakulata, yakakaa kidogo. Na yeye akamtazama, akamtazama kama anavyotazama tundu la sindano, asipumue. Sasa hivi. Sema umebuni. Reverien akainua kikombe.

"Sisi wasanii tuna vyanzo vyetu," akasema. "Jina sitaji hata mnifunge kamba. Ila yupo. Hapa hapa Kasulu, mnamfahamu, mnasalimiana naye. Jumapili ijayo sehemu ya pili, njooni mapema."

"Ni nani? Nani huyo?" Ildefonce akawa amesimama nusu. "Aliyekula mayai yote yale! Hali yai tena, si ulisema? Basi tutamjua kwa hilo!"

Rabia alikuwa amebeba sahani mbili. Moja ilikuwa na chapati iliyokunjiwa yai, ya Ildefonce. Ya pili ilikuwa chapati tupu, kama anavyoikaanga kila Jumapili, mwaka hadi mwaka, bila kuuliza, kwa sababu dada Imma tumbo lake halipatani na mayai. Alikuwa ameinama kuiweka. Ikabaki hewani.

Macho ya Rabia yalitoka kwenye sahani yakaenda kwa Immakulata, yakarudi kwenye sahani, na yale maneno yake yote ya mshenga na mzigo yakamrudia usoni. Ildefonce akaifuata ile sahani kwa macho. Akakaa polepole. Antoinette, ambaye hakujua lolote, akauliza, "Juu ya nini munanyamaza?"

"Weka, Rabia," Immakulata akasema. "Mkono utachoka."

Rabia akaiweka. "Dada Imma, mimi sikuwa..."

"Ulisema ulichokiona kwenye filamu. Si kosa lako." Akajifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na kitu. "Ni mimi, mzee Ildefonce. Floribert sikumkataa. Niliachwa njia panda ya Makere, na mayai niliyala yote, na tumbo lilivimba, mkamwambie na yule wa benchi la mbele."

Nje baiskeli ikapita ikigonga kengele. Reverien aliweka kikombe chini, na mng'ao ule ukawa umemtoka usoni.

"Imma," akasema. "Sikutaja jina. Wote hawa ni mashahidi, jina sikutaja."

"Hukutaja."

"Na watu walilia. Wewe mwenyewe ulikuwepo, uliwasikia. Walikuwa upande wako, Imma. Hadithi kama ile kukaa nayo kibarazani peke yako... mimi niliona niipe watu. Niliisema vizuri, kwa heshima. Niliisema kama ulivyonisimulia, hata neno sikupunguza."

"Ndiyo. Hukupunguza." Sauti yake haikupanda. Alikuwa anautazama mfuko wa shati, mahali uzi ulipoanza kuachia, na mikono yake ya ufundi ikawa inataka kuushika ule uzi, akaizuia. "Umesimulia yangu yote kwa watu wote, na kwangu hukurudisha hata neno. Siku ile ulinyamaza mpaka mvua ikakatika, ukasema usiku mwema, ukaenda. Mimi nikabaki nasema moyoni, huyu mtu amezidiwa, atarudi kesho na la kusema. Nikangoja kesho, na kesho yake. Nikakushonea hilo shati."

"Sikujua kama kuna kitu unataka," Reverien akasema, na kwa mara ya kwanza ile sauti nzito ilikuwa nyembamba. "Ungeniambia. Nisingeweza kujua. Ulikuwa unataka niseme nini?"

Immakulata akasimama, akajifunga vizuri kanga kiunoni. Kwenye meza chapati yake tupu ilikuwa bado inatoa moshi. Ildefonce ameinamisha kichwa, Rabia amejiziba mdomo kwa kiganja. Angeweza kutoka bila kusema, mlango ulikuwa wazi. Lakini neno lile lilikuwa limekaa ndani mno, na sasa hapakuwa na heshima tena ya kulifichia.

"Nilitaka useme kwamba wewe ungeshuka," akasema. "Basi. Wewe, Reverien, ungeshuka kwenye lile basi."